Somo: Kuchagua programu ya kufuatilia seva za kampuni, kabla hujanipigia simu

Assalam aleikum wakuu.

Tangu Ramadhani iishe nimeulizwa swali hili mara saba. Mwenye nyumba ya wageni Shela, kijana wa duka la jumla Malindi, hata mganga wa zahanati moja alinisimamisha gatini nikiwa na mkungu wa ndizi begani: "Fundi, tuweke programu gani ya kuangalia seva?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu pamoja na salamu.

Kwa asiyenijua, naangalia mitambo ya kampuni ya bidhaa za jumla. Ofisi kuu iko Amu (mji wa Lamu), ghala liko Mokowe ng'ambo ya maji, tawi liko Malindi. Seva tano (kompyuta zinazohudumia nyingine), rauta tatu, swichi nne za mtandao, UPS nne (betri za kushika stima ikikatika), kamera, na mtu mmoja wa kuzitazama zote, ambaye ni mimi. Kama kwenu mna seva mia mbili na kikosi cha watu wa zamu, pita, somo hili si lako.

Hatua ya 1. Andika kwenye karatasi kila chombo mlicho nacho, pamoja na ile rauta iliyosahauliwa juu ya kabati.

Hatua ya 2. Mbele ya kila chombo andika nani atapiga kelele kikifa, na baada ya muda gani. Kwetu seva ya stoo ikizima, makarani wa Mokowe wanakwama baada ya dakika tano na malori yanapanga foleni. Seva ya picha za matangazo ikizima, hakuna atakayejua mpaka Jumatatu. Hizi mbili hazistahili arifa ya aina moja. Bosi akisema hataki mitambo izime kabisa, usibishane, mpe hesabu: kuwa hai asilimia 99 ya mwaka ni kuzima siku tatu na nusu na ushei, asilimia 99.9 ni kuzima saa 8 na dakika 46 hivi, na kila tisa unayoongeza ina bei yake. Kisha nyamaza, aseme yeye.

Hatua ya 3. Amua unachopima. Ping, ile hodi fupi ya mtandaoni, inakuambia kwamba mashine ina roho, basi. Nimeona seva ikijibu ping kwa adabu huku hifadhidata ndani yake imekufa tangu asubuhi. Vya lazima kwangu ni nafasi ya diski (na kwenye Linux pima inodi pia, yaani nafasi za kusajili faili, maana faili ndogondogo zinaweza kuzimaliza wakati nafasi bado ipo tele), huduma yenyewe kama inajibu, umri wa nakala ya akiba ya mwisho, tarehe ya cheti cha tovuti kuisha, chaji ya UPS, na joto la chumba. CPU, yaani prosesa, iwe ya mwisho. Watu wote huanza na CPU kwa sababu mchoro wake unachezacheza.

Hatua ya 4. Zijue programu zenyewe. Nasema nilizozigusa kwa mkono wangu.

Uptime Kuma ilitoka 2021, ni ya bure, na ukiwa na Docker (programu ya kuendesha nyingine ndani ya vifurushi) inasimama kabla chai haijapoa. Inajibu swali moja, kitu kiko hai au hakiko. Ndani ya diski yako haichungulii. Kwa hoteli yenye seva mbili na tovuti, yatosha.

Zabbix ndiyo ninayotumia. Imetoka Latvia, toleo lake la kwanza la wazi ni la 2001, ni chanzo huria na hakuna leseni ya kulipia hata ukiwa na vyombo elfu. Kila seva unaiwekea ajenti (programu ndogo ya kutoa taarifa), iwe Linux au Windows, na rauta unaziuliza kwa SNMP, lugha ya kuulizia vyombo vya mtandao hali yao. Tabu yake ni kwamba menyu ni nyingi, wiki ya kwanza utaichukia, tena inataka hifadhidata yake yenyewe. Piga hesabu ya diski mapema: vipimo 1,000 kila dakika moja ni thamani 1,440,000 kwa siku. Thamani moja ya namba hula baiti 90 hivi, kwa hiyo ni megabaiti 130 kwa siku, karibu gigabaiti 4 kwa mwezi. Mimi sikuipiga hesabu hii. Programu niliyoiweka ichunge diski za wenzake ikajaza ya kwake. Chekeni.

Nagios ni mzee wa mji, ilianza 1999 kwa jina la NetSaint. Kila kitu unakiandika kwenye faili kwa mkono. Haichoki, lakini kumwachia mrithi wako faili zile ni kumtesa. Icinga ilijitenga nayo 2009 na ina sura nzuri zaidi.

PRTG ya Wajerumani inakaa juu ya Windows na ndiyo rahisi kuliko zote kuanza nayo. Ni bure mpaka vihisi 100. Hapa ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu kihisi si chombo, kihisi ni kipimo kimoja. Seva moja ukiipima sawasawa inakula kama vihisi kumi. Seva tano ni 50. Swichi ya milango 24 (matundu ya nyaya), ukifuatilia kila mlango, ni 24 zaidi. Umefika 74 na bado hujagusa rauta, UPS wala kamera. Ukivuka mia unalipa, na bei si ya kuomba punguzo dukani.

LibreNMS ni nzuri kama mali yako kubwa ni swichi na rauta. Zile za kukodi mtandaoni kwa dola kila mwezi kwa kila seva sizisemi vibaya, ila mweleweshe mhasibu kabla, si baada.

Prometheus, programu nyingine ya kufuatilia, nitaijibu chini, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika.

Hatua ya 5. Chagua mbili, zijaribu siku 14 kwenye seva halisi.

Hatua ya 6. Amua habari itakufikiaje na programu itakaa wapi. Hapa ndipo nilipoanguka, someni polepole.

Mwanzoni programu niliiweka kwenye seva mojawapo ya chumba kile kile cha ofisi Amu, kwa kuwa ilikuwa na nafasi. Arifa zilitoka kwa barua pepe kupitia rauta ile ile. Nikajiona nimemaliza. Usiku mmoja wa kusi, mvua na upepo, stima ikakatika. Jenereta haikuwaka, betri yake ilikuwa imekufa na hakuna aliyeijaribu tangu Maulidi. UPS zikashika dakika ishirini na kitu, kisha vyote vikazima kwa mpigo: seva ya stoo, rauta, na yule mlinzi wao. Mimi nimelala. Simu kimya, na kimya nilikichukulia kuwa ni salama.

Asubuhi nikampigia karani wa Malindi kwa jambo jingine kabisa, nikamuuliza njiani tu, kioo cha programu ya kufuatilia kinasemaje? "Kote kijani, fundi." Nikafika ofisini, nafungua mlango, giza na joto, hakuna hata feni moja inayolia. Nikampigia tena: hebu nisomee saa iliyo pembeni ya kioo. "Saa nne na dakika kumi na mbili." Saa ya mkononi mwangu ilikuwa moja na nusu asubuhi. Ukurasa uliganda tangu usiku, na rangi yake ya majani vile vile.

Hifadhidata ya stoo ilikatwa katikati ya kuandika. Siku mbili za kuirudisha, na siku hizo mbili makarani wa Mokowe walihesabu magunia ya sukari kwa chaki ukutani, mistari mitano mitano. Mistari ile ipo mpaka leo. Ukuta hawajaupaka rangi, nadhani kwa makusudi.

ONYO la kwanza: mlinzi asilale ndani ya nyumba anayoilinda. Sasa Zabbix kuu iko kwenye seva ndogo ya kukodi Nairobi, na kila tawi lina proksi yake, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Proksi inakusanya vipimo vya hapo ilipo na kuvituma juu. Intaneti ikikatika, inavishika na kuvituma ikirudi. Lakini tazama faili yake ya usanidi, kuna mstari unaoitwa ProxyOfflineBuffer. Ukiuacha kama ulivyo, inashika data ya saa 1 tu. Mokowe ilikatika kwa muda wa saa tisa nikabaki na shimo kwenye mchoro. Unaweza kuweka mpaka saa 720. Mimi nimeweka 72.

ONYO la pili: kimya chenyewe kiwe ni arifa. Kila tawi lilazimike kusema "nipo" kila dakika, na likinyamaza dakika tano, upande wa nje upige kelele. Zabbix ina kazi ya nodata kwa hili. Uptime Kuma ina aina ya kipimo inayoitwa Push. Programu isiyoweza hili, hata iwe na michoro ya dhahabu, usiichukue.

ONYO la tatu: habari iwe na njia mbili ambazo hazipiti waya mmoja. Mimi hutumia Telegram kwa ya kila siku na SMS kwa makubwa, kwa modemu ya USB yenye laini ya simu iliyochomekwa kwenye proksi, na proksi iko kwenye UPS. SMS haitaki bando. Ila ujue kwamba minara nayo inakula betri, stima ikikatika usiku kucha inaweza kunyamaza pia. Ndiyo maana onyo la pili liko pale.

ONYO la nne: usiyaamini macho ya nje peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilisuasua. Wakati huo nilikuwa na kikaguzi kimoja Ulaya. Kikanitangazia kuwa Amu imekufa. Amu ilikuwa hai, makarani wanauza mchele kama kawaida. Jicho moja liwe ndani, jingine nje.

Sasa rudi Hatua ya 4 uzisome zile programu upya kwa maonyo haya manne. Utaona nyingine zinajiondoa zenyewe.

Hatua ya 7. Punguza arifa. Kundi langu la kwanza la arifa lilipata meseji mia nne na kitu kwa wiki, nyingi zikisema CPU imepanda, saa ile ile ambayo nakala ya akiba huchukuliwa. Nikalinyamazisha. Wiki mbili baadaye diski ikajaa na meseji ilikuwa mle mle, imezikwa. Tatizo lidumu dakika tano kabla ya kukuamsha. Na weka utegemezi: rauta ya Mokowe ikianguka, niambie rauta, usiniongezee seva, printa na kamera kumi zilizo nyuma yake.

Hatua ya 8. Chomoa waya. Kweli, nenda kachomoe, Jumamosi jioni, uhesabu dakika mpaka simu ilie.

Hatua ya 9. Programu hii ina funguo za nyumba nzima, itendee hivyo. Mwaka 2020 wadukuzi waliingiza msimbo wao ndani ya sasisho la Orion ya SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 wakalipakua. Ajenti asipewe uwezo wa msimamizi bila sababu. SNMP tumia toleo la 3. Matoleo ya 1 na 2c hupitisha neno lake la siri waziwazi, na vyombo vingi hutoka kiwandani neno hilo likiwa "public".

Maswali chini.

---

Mgeni2: Mkuu somo refu. Nitajie moja tu iliyo bora niinstoli leo.

Fundi wa Amu: Hatua ya 2, kisha ya 4.

Mgeni2: Nina haraka kaka.

Fundi wa Amu: Nami nilikuwa na haraka. Soma habari ya chaki.

Mwana Hesabu, Malindi: Shukrani fundi. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mhasibu wa hoteli, ila ndiye ninayelia vitabu vikipotea. Umetaja "umri wa nakala ya akiba". Fundi wetu huniambia nakala inachukuliwa kila usiku. Nitajuaje ni kweli bila kumkosea heshima kijana wa watu?

Fundi wa Amu: Dada, hili ndilo swali bora la uzi huu. Mwombe mambo matatu, yote ya kawaida, hayana tuhuma ndani yake. Kwanza, kazi ya nakala ikimalizika salama itume ishara ya "nimemaliza" kwa programu ya kufuatilia, ile Push niliyoitaja. Muda wa kusubiri uwe saa 26, ikipita bila ishara nyote wawili mpate meseji. Weka namba yako pia, ni haki yako. Pili, ipimwe na saizi ya faili. Nimewahi kukuta nakala za usiku kumi na moja, zote baiti sifuri, kwa sababu nenosiri la hifadhidata lilibadilishwa na faili iliendelea kuzaliwa tupu kila usiku kwa jina zuri na tarehe sahihi. Tatu, mara moja kwa mwezi airudishe nakala kwenye mashine nyingine, na wewe uchague ankara moja ya mwezi uliopita na kumwambia, nionyeshe hii. Ikifunguka, mnywe kahawa.

Mwana Hesabu, Malindi: Baiti sifuri! Kesho asubuhi namtafuta. Kwa upole.

Kijana wa Wingu: Kwa heshima zote, hili somo limepitwa. Dunia yote iko Prometheus na Grafana. Zabbix ni ya wazee.

Fundi wa Amu: Nilijua. Seva ngapi kwenu?

Kijana wa Wingu: Tatu. Lakini suala ni teknolojia.

Fundi wa Amu: Suala ni tawi lako. Prometheus ilizaliwa SoundCloud 2012, ni kazi safi, na kama unaendesha makontena (vifurushi vya programu) yanayozaliwa na kufa kila saa, ichukue, hata mimi ningeichukua. Lakini yenyewe ndiyo inayokwenda kuviuliza vyombo. Tawi langu liko nyuma ya modemu ya simu isiyo na anwani ya wazi, kwa hiyo kutoka nje halifikiki mpaka nijenge VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti. Ajenti wa Zabbix ukimweka kwenye hali ya kutuma mwenyewe, anatoka na kuja, kwisha. Halafu Prometheus usipoigusa hushika data siku 15 tu. Bosi wangu huuliza mwezi huu ukilinganisha na Ramadhani iliyopita. Na arifa unahitaji Alertmanager pembeni, michoro Grafana pembeni. Vitu vitatu vya kusasisha, mtu mmoja. Sikusema ni mbaya, nimesema mimi ni mmoja.

Kijana wa Wingu: Siku 15 zinabadilishwa kwa mstari mmoja.

Fundi wa Amu: Kweli. Kama ProxyOfflineBuffer. Na wewe uliibadilisha?

Kijana wa Wingu: ...narudi.

Bin Gati: Fundi nimeshaweka Zabbix ila haikuwa inaunganika na tawi, nikafungua poti (milango ya mtandao) 10050 na 10051 kwa watu wote na sasa inafanya kazi vizuri. Next step ni gani?

Fundi wa Amu: Ifunge. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. 10050 iruhusu anwani ya seva yako tu, 10051 iruhusu matawi yako tu, na washa usimbaji (kuficha ujumbe njiani), Zabbix inakubali ufunguo wa pamoja, ni mistari minne kwenye faili ya ajenti. Hatua ya 9 sikuiandika kujaza ukurasa.

Bin Gati: Basi pole usikasirike, nilikuwa najaribu.

Fundi wa Amu: Sijakasirika. Ukifunga niambie, nikutumie mistari yenyewe.

Bin Gati: Nimefunga.

Fundi wa Amu: Haya, iko kwenye ujumbe wako.

Mwanafunzi Mkomani: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo, sina seva. Nimeweka Zabbix kwenye laptopu ya zamani ya mjomba, Linux ndani. Kuna kipimo kinaitwa load, kinaonyesha 6 wakati CPU iko asilimia 12. Nimetafuta sielewi. Moja ni ya uongo?

Fundi wa Amu: Marahaba mwanangu. Zote mbili zasema kweli. Fikiri gati la Mokowe. Kori za prosesa ni mashua, kazi ni abiria. Tuseme laptopu yako ina kori mbili, basi mashua mbili. Load ni wastani wa abiria wote waliopo, wanaovuka na wanaosubiri. Namba zake tatu ni za dakika 1, 5 na 15 zilizopita, kwa hiyo ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya tatu foleni inakua, ikiwa kinyume foleni inayeyuka. Sasa hila ya Linux: humhesabu hata abiria aliyekaa chini akisubiri mzigo wake utolewe ghalani, yaani kazi inayosubiri diski. Mashua zinaelea tupu, CPU asilimia 12, na gatini watu sita wamekaa juu ya mikoba. Tatizo lako ni diski. Andika iostat -x 5, utazame safu ya mwisho.

Mwanafunzi Mkomani: %util 99 karibu muda wote!!

Fundi wa Amu: Diski ya mjomba inakufa, au ni ya zamani mno kubeba hifadhidata. Pima afya yake kwa smartctl. Hesabu ya Reallocated Sector (sehemu mbovu za diski zilizohamishwa) ikiwa inapanda, mwambie mjomba ahamishe picha za harusi leo. Na wewe umejifunza kitu ambacho mafundi wa mshahara hawakijui. Ukimaliza chuo nitafute.

Mgeni2: Nimesoma yote. Nina seva mbili, rauta moja, tovuti. Uptime Kuma?

Fundi wa Amu: Uptime Kuma. Utaiweka wapi?

Mgeni2: Si kwenye seva hizo mbili.

Fundi wa Amu: Haya. Na Push kwa nakala za akiba, kama nilivyomweleza dada wa Malindi.

Nahodha Mstaafu: Mimi nakaa Shela, niliachia bahari nikafungua nyumba ya wageni. Nyote mnazungumza programu, hakuna anayesema chumvi. Kaskazi hii nimebadilisha nyaya za mtandao mara mbili. Ncha zinaota kijani kama shaba ya jahazi.

Fundi wa Amu: Nahodha, umegonga. Usiwapulizie vyombo upepo wa bahari kwa feni ya dirishani, unawalisha chumvi. Funga chumba, AC ikaushe hewa, weka kipimo cha unyevu na si cha joto tu. Na joto lenyewe ndilo muuaji wa betri za UPS: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua takriban nusu. Zangu zilizoandikiwa miaka mitano zilitoka miwili.

Nahodha Mstaafu: Na kuzipandisha kutoka gatini je? Punda wangu alizilalisha ubavu moja kwa moja mpaka nyumbani.

Fundi wa Amu: Zile za kufungwa hazimwagiki, ila angalia vichwa vya kuunganishia nyaya visiguse chuma. Mimi hufunika kila kimoja kwa tepu na kupakia moja kila upande, punda hapendi mzigo wa kuinama. Kuhusu nyaya zako, kuna jambo programu inaweza kukusaidia. Swichi yoyote ya SNMP huhesabu pakiti mbovu (vipande vya data vilivyoharibika) kwa kila mlango, kipimo kinaitwa ifInErrors. Mlango mzima hukaa sifuri miezi. Chumvi ikianza kula ncha, namba inapanda kidogokidogo, kumi leo, arobaini kesho, wakati intaneti bado inaonekana nzima. Ghala la Mokowe, mlango wa 7 wa swichi, ulinionyesha hivyo siku tisa kabla ya kufa. Nikavuka na boti ya saa mbili nikiwa na ncha mpya mfukoni, nikakata, nikabana, nikarudi kula mchana nyumbani.

Nahodha Mstaafu: Swichi yangu ni ile ya bei rahisi, haina hiyo SNMP.

Fundi wa Amu: Basi rauta yako itazame, nyingi zinayo. Nitumie picha ya kibandiko cha nyuma, nikuambie.